UZI: Makumbusho na kumbi za maonyesho London – mlango, saa, begi na kiti

Mchora Ramani (#1)

Wakuu, likizo za kiangazi zikikaribia swali huwa lilelile: nina siku mbili tatu London, niende wapi? Mtu hupewa majina ishirini na kuachwa hapo. Majina anaweza kuyapata popote. Siku yake itaharibikia kwenye vitu vinne: mlango, saa, begi na kiti. Uzi huu ni wa hivyo vinne, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Kwanza pesa, maana ndiyo inayopanga mengine. Makusanyo ya kudumu ya makumbusho makubwa ya taifa ni bure: British Museum, National Gallery, Tate Modern, V&A (Victoria and Albert Museum), Natural History Museum, Science Museum. Hayo mawili ya mwisho yaliacha kutoza kiingilio Desemba 2001. Kinacholipiwa ni maonyesho ya muda, yale yenye mlango wake na tiketi ya saa maalumu. Kwa hiyo huna deni la kulimaliza jumba. Ingia, ona vyumba vitatu au vinne kwa saa moja na nusu, toka. Anayejilazimisha saa tano mfululizo, saa mbili za mwisho anatazama vibao vya njia ya kutokea.

Pesa yako iweke kwenye ukumbi wa jioni. Huko tofauti ya kiti kimoja na kingine ni kubwa kuliko tofauti ya onyesho moja na jingine.

Saa: Ijumaa ndiyo siku ya dhahabu. British Museum hufungwa saa 11 jioni siku za kawaida, lakini Ijumaa ni saa 2:30 usiku. National Gallery badala ya saa 12 jioni huenda hadi saa 3 usiku. V&A hufika saa 4 usiku. Makundi ya shule yameshaondoka na vyumba vinapumua. Jihadhari tu: vyumba vya ndani huanza kufungwa dakika chache kabla ya saa iliyotangazwa, hivyo usiache unachokipenda kiwe cha mwisho.

Na jambo dogo linalowaumiza Waswahili: tiketi iliyoandikwa 7.30pm ni saa 1:30 usiku kwa hesabu yetu, na 2.30pm ni saa 8:30 mchana. Ukishanunua, andika kwenye simu kwa saa zako na kwa saa zao, zote mbili.

Msomaji wa Lebo (#2)

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze British Museum, maana ndipo wengi wanapoanzia.

Ina milango miwili. Wa mbele uko Great Russell Street, ndio wenye nguzo na foleni. Wa nyuma uko Montague Place, na mara nyingi foleni yake ni fupi. Kote wanakagua mabegi. Ingawa kuingia ni bure, kata tiketi ya bure mtandaoni yenye saa yako. Siku za msongamano ndiyo inayokutanguliza.

Sanduku la magurudumu haliingii hata uwani. Si suala la kubembeleza mlinzi. Liache hotelini au kwenye sehemu ya kuhifadhi mizigo stesheni (King's Cross, St Pancras na Euston zote ziko karibu), kisha tembea kama dakika 20 au 25.

Ukiingia kwa Montague Place unaelekea Chumba 24, na karibu yake kuna ngazi za kushuka Chumba 25, yaani Afrika. Wengi hawafiki huko kwa sababu kiko chini. Usikipite. Kuna mabamba ya shaba ya Benin yaliyotekwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, yamepangwa kwa safu juu chini. Sogea pembeni ya bamba, usisimame mbele tu: ndipo unapoona jinsi sura zilivyojitokeza kutoka kwenye shaba, na mashimo ya misumari yaliyokuwa yakilishikilia ikulu. Kuna pia kiti alichokiunda Kester wa Msumbiji mwaka 2001 kwa bunduki zilizokusanywa baada ya vita kwisha. Tazama mgongo wa kiti: ni vitako vya bunduki, na matundu mawili ya skrubu kwenye kimojawapo yanafanana na macho.

Jiwe la Rosetta liko Chumba 4 ndani ya kioo, na kuanzia saa 5 asubuhi utaona migongo ya watu. Nenda kwanza au nenda Ijumaa usiku. Ukitaka kuligusa, Chumba 1 kuna nakala yake isiyo na kioo. Pitisha kidole uone maandishi matatu yanavyotofautiana: michoro ya Kimisri juu, mwandiko wa kawaida wa Kimisri katikati, Kigiriki chini.

Pwani Kaskazini (#3)

Asanteni wakuu. Swali: nikinunua tiketi ya tamthilia naona maneno Stalls, Dress Circle, Upper Circle, Balcony, na bei zinapishana mara nne. Nachaguaje?

Fundi Taa (#4)

Hapa ndipo penye kazi, acha nikae kidogo.

Stalls ni sakafu ya chini, usawa wa jukwaa. Dress Circle (pengine Royal Circle) ni roshani ya kwanza. Upper Circle ni ya pili. Balcony au Gallery ni ya juu kabisa. Majumba mengi ya West End, mtaa wa kumbi za tamthilia katikati ya London, yalijengwa enzi za Victoria na Edward: viti vimebanana, baadhi yana nguzo za chuma, na ya juu mengi hayana lifti. Kuna yenye mlango wa Balcony nje kabisa, upande wa barabara, tofauti na mlango mkuu. Soma tiketi kabla hujapanga foleni.

Makosa yanayojirudia:

Nyuma ya Stalls. Bei inaonekana nzuri na neno Stalls linavutia. Lakini roshani iko juu ya kichwa chako na inakata sehemu ya juu ya jukwaa. Mandhari ikiwa na ghorofa mbili, utasikia watu wa juu wakiongea bila kuwaona. Kwenye opera ni hasara zaidi, kwa sababu tafsiri huonyeshwa kwenye kibao juu ya jukwaa, na kibao hicho ndicho kinachokatwa.

Safu ya kwanza ya roshani za juu. Watu huipenda kwa kuwa hakuna kichwa mbele. Kuna chuma. Chuma cha usalama hupita usawa wa macho ya mtu wa kimo cha wastani, na ukiinama mbele kukikwepa unamzibia aliye nyuma. Safu ya pili au ya tatu mara nyingi ni bora na ni nafuu.

Safu ya kwanza ya Stalls kwa dansi. Jukwaa likiwa juu, miguu haionekani, nawe ulifuata miguu. Kwa dansi panda: mbele ya Dress Circle au katikati ya Upper Circle, uone michoro ambayo wachezaji wanaichora sakafuni. Kwa tamthilia ya maneno, shuka na usogee, uso ndio kila kitu.

Viti vya pembeni kabisa. Ukikaa kushoto unapoteza kona ya kushoto ya jukwaa, siyo ya kulia. Wengi huwaza kinyume.

Tiketi ikiandikwa Restricted View, wamekuambia ukweli, ila hawajasema unakosa nini. Piga simu dirisha la tiketi uulize swali moja: "Ni nguzo, ni chuma, au ni pembe?" Nguzo nyembamba unaweza kuikwepa kwa kuegemea. Pembe huikwepi.

Bi Jukwaa (#5)

Fundi Taa amesema kweli tupu. Nami niseme mahali pa kununulia, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoibiwa mchana.

Anza na tovuti ya ukumbi wenyewe. Ukitafuta jina la onyesho, tovuti za juu kabisa huenda ni za wachuuzi, na hao huweka ada juu ya bei. Ukiona kiti kilekile kwa bei mbili, cha ukumbi ndicho cha kuaminika.

Kibanda cha TKTS kipo Leicester Square, kinaendeshwa na chama cha majumba ya maonyesho ya London. Kinauza tiketi za siku hiyo na za siku chache zijazo, nyingi kwa punguzo. Vibanda vingine vya jirani vinavyoandika "nusu bei" si hicho.

National Theatre ina mpango wa kila Ijumaa saa 7 mchana: tiketi za pauni 10 mtandaoni kwa maonyesho ya wiki inayofuata. Royal Opera House nao hutoa tiketi zao Ijumaa saa hiyohiyo. Fungua akaunti na uweke kadi mapema, maana anayeanza kujisajili saa 7 kamili anakuta zimekwisha.

Msomaji wa Lebo (#6)

Bi Jukwaa, sisitiza hilo la "wiki inayofuata". Anayefika Ijumaa na kuondoka Jumapili mpango huo haumsaidii. Yeye aende TKTS, au aulize dirishani tiketi za siku hiyo na zilizorudishwa. Zilizorudishwa mara nyingi huonekana mchana na tena karibu na saa ya kuanza.

Bi Jukwaa (#7)

Kweli kabisa, asante kwa kunirekebisha.

Mchora Ramani (#8)

Tusisahau kusimama. London kuna sehemu mbili ambapo kusimama ni bora kuliko viti vya bei ya kati, na sisemi hivyo kwa sababu ya bei tu.

Ya kwanza ni Shakespeare's Globe, ukumbi wa tamthilia ukingoni mwa mto Thames. Jengo la sasa lilifunguliwa 1997, karibu na palipokuwa na lile la 1599 lililoungua 1613. Uwanja wa katikati hauna paa na huchukua watu 700 waliosimama, tiketi kuanzia pauni 5. Mvua ikinyesha onyesho linaendelea, na mwavuli ni marufuku kwa sababu unamzibia mwenzio. Beba koti la mvua lenye kofia. Kukaa chini uwanjani hakuruhusiwi, na tamthilia inaweza kuchukua muda wa saa tatu, hivyo viatu ndivyo vinavyoamua. Fika mapema usimame kwenye ukingo wa jukwaa: unaweka viwiko juu yake, uzito unapungua miguuni, na mwigizaji anaongea nawe ana kwa ana. Kama huwezi ukingo, nenda nyuma uegemee ukuta. Katikati hakuna pa kuegemea na ndiko watu huchoka. Walioketi nao wana lao: ni mabenchi ya mbao, kodi mto wa kukalia, na angalia zile nguzo mbili kubwa za jukwaani.

Ya pili ni Proms, tamasha la muziki lililoanza 1895. Linafanyika Royal Albert Hall katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Tiketi za kusimama huuzwa asubuhi ya siku yenyewe kwa bei ndogo. Arena iko chini mbele ya orkestra, Gallery iko juu kabisa ukizunguka ukumbi. Arena kwa kuona vidole vya wapigaji. Gallery kwa kupumua, na kuna nafasi ya kujinyoosha.

Pwani Kaskazini (#9)

Wakuu, muziki wa orkestra siujui adabu zake. Mtu anapiga makofi lini?

Fundi Taa (#10)

Sinfonia nyingi zina sehemu nne, na katikati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi. Hapo ukumbi haupigi makofi. Usihesabu, tazama mikono ya kondakta: ikiwa bado juu, au ameishusha nusu, kazi haijaisha. Ikishuka kabisa na akageuka, piga. Kwenye opera ni tofauti, makofi baada ya wimbo mzuri ni kawaida.

Na siri moja ya Royal Festival Hall: kuna viti nyuma ya orkestra, ambavyo kwaya hukaa ikiwepo. Kwaya isipokuwepo huuzwa, aghalabu kwa bei ya chini. Unaona uso wa kondakta usiku mzima, na ngoma zinakutikisa kifua. Usivinunue usiku wa mwimbaji wa peke yake: sauti yake inaelekea upande mwingine nawe unapata mgongo.

Bi Jukwaa (#11)

Kuhusu kuchelewa. Wageni huona ni dakika tano tu, lakini mlango ukifungwa unasubiri nje hadi nafasi inayofaa, na maonyesho mengine hayana nafasi hiyo mpaka mapumziko. Yapo pia ya dakika 90 yasiyo na mapumziko kabisa, hapo umepoteza tiketi. Lenga kufika dakika 30 kabla.

Barbican, kituo kikubwa cha sanaa chenye kumbi kadhaa, ongeza dakika 15 za kupotea. Ni mji mdogo wa zege na njia za juu. Fuata mstari wa njano uliochorwa chini. Ukumbi wake wa tamthilia kila safu ina mlango wake pembeni, hakuna njia ya katikati, na milango hiyo hujifunga yote kwa pamoja onyesho linapoanza. Inapendeza kuitazama ikifanya hivyo, ukiwa ndani.

Treni ya chini ya ardhi nayo: kutoka Leicester Square hadi Covent Garden usipande. Ni kama mita 260, umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili vya mtandao ule. Covent Garden unatoka kwa lifti yenye foleni au kwa ngazi 193. Tembea juu, utafika kwanza.

Mama Wawili (#12)

Habari zenu. Kwa wenye watoto mnashauri nini? Na kwa mtu ambaye Kiingereza cha jukwaani kinampita kasi?

Bi Jukwaa (#13)

Karibu dada. Kumbi nyingi haziruhusu walio chini ya miaka fulani, mara nyingi mitano, hata ukiwa na tiketi yao. Angalia ukurasa wa onyesho kabla ya kulipa. Likizo ya shule ya kiangazi kuna mpango wa Kids Week: mtu mzima akinunua tiketi ya bei kamili, mtoto wa miaka 17 au chini huingia bure kwenye maonyesho yaliyomo. English National Opera, wanaoimbia kwa Kiingereza pale ukumbi wa Coliseum, hutoa tiketi za bure kwa walio chini ya miaka 21.

Natural History Museum mlango wa Cromwell Road ndio maarufu. Wakati wa likizo za shule kata tiketi ya bure ya saa ya kwanza. Kutoka stesheni ya South Kensington kuna njia ya chini inayofika karibu na makumbusho yote matatu ya pale (hili, Science Museum na Victoria and Albert), mvua isikutishe.

Kuhusu lugha: tafuta maonyesho yaliyoandikwa "captioned". Maneno ya waigizaji hutokea kwenye kibao wanapoyasema. Yapo kwa ajili ya wasiosikia vizuri, ila yeyote anaruhusiwa kununua. Kibao aghalabu huwekwa upande mmoja wa jukwaa, kwa hiyo uliza dirishani ni viti gani vinakiona. Kwa tamthilia za karne ya 17 soma muhtasari wa hadithi kabla. Kitabu cha programu pale ukumbini kinauzwa, si lazima ukinunue.

Msomaji wa Lebo (#14)

Niongeze makumbusho mawili madogo, maana yale makubwa yanajitangaza yenyewe.

Sir John Soane's Museum, 13 Lincoln's Inn Fields. Bure, Jumatano hadi Jumapili. Ni nyumba ya msanifu majengo aliyefariki 1837, na sheria ya Bunge ya 1833 iliagiza iachwe kama alivyoiacha. Vijia ni vyembamba, hivyo wanaingiza watu wachache kwa wakati mmoja; usiende na begi kubwa la mgongoni. Chumba cha picha ni kidogo kama chumba cha kulala lakini kina picha zaidi ya 100, kwa sababu kuta zake ni milango. Mhudumu anavuta ubao wenye picha, nyuma yake kuna picha nyingine, anavuta tena, nyuma kuna uwazi unaotazama chini. Muulize ni saa ngapi atazifungua kuta hizo, na usubiri. Chini kuna jeneza la jiwe la Farao Seti I, alilolinunua 1824 kwa pauni 2,000.

La pili ni London Museum Docklands, West India Quay, ndani ya ghala la sukari la mwanzoni mwa karne ya 19. Bure. Ghorofa ya tatu kuna sehemu ya sukari na utumwa, na unaisoma ukiwa umesimama ndani ya ghala lenyewe. Mihimili ya mbao juu ya kichwa chako ndiyo iliyobeba sukari hiyo. Anza juu, ushuke.

Pwani Kaskazini (#15)

Basi naomba mnikosoe. Nafika St Pancras Ijumaa saa 5 asubuhi na masanduku mawili, naondoka Jumapili. Ijumaa: British Museum mchana, Soane jioni, tamthilia usiku. Jumamosi: Globe mchana, National Theatre usiku.

Mchora Ramani (#16)

Mkuu, geuza Ijumaa. Soane hufungwa saa 11 jioni, British Museum iko wazi mpaka usiku. Masanduku yaache palepale St Pancras au hotelini, tembea hadi Soane ufike kabla ya saa 8 mchana. Pumzika, kisha British Museum kuanzia saa 11 jioni. Tamthilia ya Ijumaa ifute, usije ukalala kitini. Uchovu wa safari huonekana saa 2 usiku.

Jumamosi iko sawa kijiografia, Globe na National Theatre ni ufuko mmoja wa mto, kama dakika 20 au 25 kwa miguu. Ila onyesho la mchana likianza saa 8 na kwenda kwa muda wa saa tatu, utatoka saa 11 jioni ukiwa umesimama muda wote. Siku hiyo lipia kiti Globe, na kodi mto. Kusimama ni kwa mwenye jioni tupu.

Fundi Taa (#17)

Na National Theatre ina kumbi tatu ndani ya jengo moja: Olivier, Lyttelton na Dorfman. Dorfman ina mlango wake upande wa nyuma. Soma jina la ukumbi kwenye tiketi kabla hujashika ngazi.